Niliyomficha Kocha Wangu

Kwa miaka kumi na mmoja nilikuwa kocha msaidizi wa mwanamke mmoja. Tulianza na timu ya wasichana kwenye uwanja wa manispaa huku Tumba, tukahama klabu mara mbili, na mwisho tukafika pamoja kwenye klabu ya wanawake ya ligi ya kulipwa mjini Stockholm. Yeye alikuwa mkuu, mimi nilikuwa wa pili. Watu wengi hudhani kocha msaidizi ni mtu aliye kwenye foleni. Mimi sikuwa kwenye foleni, au ndivyo nilivyokuwa nikijiambia, na nilijiambia hivyo kwa muda mrefu kiasi kwamba sijui ni lini hasa maneno hayo yaliacha kuwa kweli.

Nilikuja Sweden nikiwa na miaka tisa, mimi na mama yangu tu. Tulitoka Uvira, tukakaa kambini Tanzania miaka mitatu, kisha tukapewa nafasi huku. Mama alipata kazi ya usafi katika ofisi za Kista, upande wa pili kabisa wa jiji, kwa hiyo alikuwa anaondoka nyumbani kabla sijaamka. Nilijiandaa mwenyewe, nikala mkate, nikaenda shule. Mpira niliujulia kambini, ambako sisi wasichana tulicheza mpaka wavulana walipoutaka uwanja. Tumba hakuna aliyetaka kutuondoa uwanjani. Nilipewa fomu ya kupeleka kwa mzazi, nikapewa jezi, na mtu akaniuliza kama naweza kupiga kwa mguu wa kushoto. Niliweza.

Nilicheza vizuri. Nasema hivyo bila aibu kwa sababu hayo yameshapita. Nilikuwa kiungo, sikuwa na mbio, lakini nilijua mpira utakwenda wapi. Nilipokuwa na miaka ishirini na moja, nikichezea klabu ya daraja la pili, goti langu lilikatika kano kwenye uwanja wa nyasi bandia, bila kuguswa na mtu. Mguu ulibaki pale ulipo na mwili ukageuka. Nilisikia mlio kabla ya kusikia maumivu. Nilipasuliwa, nikafanya mazoezi ya kurudi kwa karibu mwaka mzima, likakatika tena. Baada ya upasuaji wa pili daktari aliniambia kwamba nitatembea na nitakimbia, ila mpira wa ushindani niuache.

Siku iliyofuata ndipo alipokuja hospitali yule mwanamke niliyekuja kuwa msaidizi wake. Aliwahi kunifundisha nikiwa na miaka kumi na sita hadi kumi na tisa. Alikuwa Mswidi, mrefu, mkubwa kwangu kwa miaka kumi na miwili, mwalimu wa hisabati kwa kazi yake ya mchana, na sauti yake ilivuka uwanja mzima bila yeye kupiga kelele. Hakunipa pole. Alivuta kiti, akaweka koti lake miguuni pangu kama vile kitanda ni meza, akaniambia kwamba amepewa timu ya wasichana wa miaka kumi na minane na anahitaji mtu wa kumsaidia.

"Wewe uliona mchezo kabla haujatokea," alisema. "Goti halihusiki na hilo. Jumanne saa kumi na moja na nusu, uje na viatu."

Nilimwambia siwezi hata kusimama. Akasema basi nije na magongo.

Mama alifika saa moja baadaye kutoka Kista, bado amevaa sare ya kazi, akatukuta tunabishana kuhusu namna ya kupanga mabeki. Mama hakuelewa tunabishania nini, lakini aliniona nabishana, baada ya wiki mbili za kulala nimegeukia ukuta. Kuanzia siku ile alimhesabu mwanamke yule kuwa ndugu. Kocha akija nyumbani, mama alimpikia sombe ya majani ya muhogo na samaki, akamfundisha kula kwa mkono, na akiondoka alimfungia chakula kwenye kopo la aiskrimu. Alimwita "ule mama wa mpira", kwa Kiswahili chake cha Uvira, na hakuwahi kumwita jina lingine.

Mwaka wa kwanza kazi yangu ilikuwa kupanga koni, kujaza mipira upepo na kukusanya vizibao. Kisha nikaanza kozi za ukocha, leseni moja baada ya nyingine, wikiendi kwa wikiendi, na polepole akaniachia vitu. Kwanza akaniachia kupasha misuli moto. Halafu kona na mipira ya adhabu, ambayo ikawa kazi yangu niliyoipenda kuliko zote. Nilikuwa nikichora mistari kwenye bahasha, kwenye risiti za duka, nyuma ya barua za shule. Halafu vipande vya video vya wapinzani. Lakini kazi yenyewe ya msaidizi, ile ambayo haimo kwenye kozi yoyote, alinifundisha yeye ndani ya gari lake.

Yeye alikuwa mkali. Alimwambia mchezaji mbele ya uso wake kwamba hachezi, na sababu, na akaondoka. Mchezaji alibaki amesimama, akitafuta pa kwenda, na pa kwenda palikuwa kwangu. Nilikuwa chumba cha vifaa nikihesabu mipira, na mlango ukafunguliwa. Walilia, walitukana, waliniambia habari za wapenzi wao, za mitihani, za baba aliyerudia pombe. Mwanzoni niliogopa kwamba kocha angeona kama nawaiba. Nikamweleza. Akacheka kidogo, akasema hivyo ndivyo alivyotaka.

"Wakija kulia kwako, waache walie," alisema. "Halafu uniambie."

Hayo ndiyo yalikuwa makubaliano yetu. Kila Alhamisi baada ya mazoezi tulikaa ndani ya gari lake kwenye maegesho, hita ikivuma, vioo vikipata ukungu, nami nikamweleza yote niliyosikia wiki ile. Alinung'unika. Alisema huyu anajidekeza, huyu mwongo. Lakini Ijumaa ungemwona akitembea kando ya mchezaji fulani wakati wa kupoza mwili, akimsemesha kwa sauti ya chini, na mchezaji akitikisa kichwa na uso ukifunguka. Hawakujua alikojulia. Walidhani anawaona mpaka ndani, na walimpenda kwa hilo, kwa namna ile mtu anavyompenda mzazi mkali. Timu ilishikamana hivyo. Mimi nilikuwa sikio, naye alikuwa mdomo, na kwa miaka mingi hilo halikunisumbua hata kidogo.

Klabu ya kulipwa ilipomchukua, alisema hasaini bila mimi. Wakakubali. Nilifurahi kama mtoto. Nilipewa koti lenye herufi za jina langu kifuani, na mama alilipiga picha likiwa limetundikwa mlangoni, bila mimi ndani yake, akaituma kwa ndugu wote wa Uvira na Bujumbura.

Misimu miwili ya kwanza ilikwenda vizuri. Msimu wa tatu tukaanza kupoteza. Wachezaji wawili wazuri walikuwa wameuzwa, mmoja ameumia, na waliokuja hawakuwa wamezoeana. Kocha alizidi kuwa mkali, kama watu wengi wanavyokuwa wakiogopa. Pia alikuwa na vikao vingi kuliko zamani: bodi, wadhamini, mkurugenzi wa michezo, ambaye alikuwa mwanamume kijana, mpole, mwenye kuandika kila kitu kwenye simu. Alhamisi yetu ikawa inaahirishwa. Wiki moja hayupo, wiki nyingine ana dakika kumi. Nilisema nimeelewa, na sikusema kwamba inaniuma.

Kisha kulikuwa na jambo la ubao. Ni dogo hata naona haya kulieleza. Tulikuwa mapumziko, tumefungwa bao moja, naye alikuwa akizungumza na timu mbele ya ubao wenye sumaku. Mimi sikuwa nikizungumza wakati wa mapumziko; hiyo ilikuwa saa yake. Lakini siku ile niliona kitu, beki wao wa kushoto alikuwa akipanda na hakurudi, nikanyoosha mkono nisogeze sumaku moja kuonyesha ile nafasi. Bila kunitazama, bila kukatiza sentensi yake, aliushika mkono wangu akaushusha. Kwa upole kabisa, kama unavyoondoa mkono wa mtoto kwenye jiko. Akaendelea kusema. Sidhani alikumbuka hata baada ya dakika moja. Mimi nilikwenda nalo nyumbani, nikalala nalo, nikaamka nalo kwa wiki kadhaa.

Nahodha wetu alikuwa kiungo wa miaka thelathini, mtulivu, mama wa mtoto wa kike wa miaka miwili. Jumatano moja aliingia chumba cha vifaa, akafunga mlango, akaniambia kwamba mtoto wake amelazwa, mapafu, na kwamba siku mbili alizokosa mazoezi alikuwa hospitali. Klabuni alikuwa amesema tu kwamba ana mafua. Hakutaka watu wamhurumie, na hakutaka wafikirie kuwa mama hawezi kuwa nahodha. Niliuliza kama nimwambie kocha. Alifikiri, akasema nimwambie nikiona inafaa.

Nilinuia kumwambia. Alhamisi kocha alikuwa kwenye kikao. Ijumaa tulisafiri kwa basi kwenda kucheza ugenini, safari ya zaidi ya saa mbili, na nilikaa naye kiti kimoja. Alikuwa akipanga kikosi kwenye daftari. Aliniuliza nini kinaendelea na nahodha, mbona amekuwa hivi, mazoezi anakosa na akija akili haipo. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu. Nilimjibu kwamba sijui, labda amechoka.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini. Wakati ule nilijiambia kwamba siri ni ya nahodha, aiseme mwenyewe. Si kweli, alikuwa ameniruhusu. Ukweli ni kwamba kulikuwa na utamu katika kujua kitu ambacho yeye hakijui. Wachezaji walikuwa wakinipenda mimi zaidi msimu ule, niliona jinsi nyuso zilivyobadilika nilipoingia, na nilikuwa nimeanza kuzoea. Na mkono wangu ulikuwa bado unakumbuka kushushwa.

Jumamosi, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, kocha alitaja kikosi na nahodha hakuwemo. Akasema mbele ya wote kwamba wanaotaka kucheza huja mazoezini, na kwamba kitambaa cha unahodha si kinga ya mtu. Nahodha alimtazama, kisha akanitazama mimi. Nilielewa mara moja anachofikiri. Alifikiri kwamba nilishamwambia kocha habari za mtoto, na kwamba kocha alisema vile huku akijua.

Bado palikuwa na nafasi. Ningeweza kumfuata nahodha pale pale, nikamnong'oneza kwamba kocha hajui. Ningeweza kumvuta kocha pembeni. Ningeweza kusema kwenye basi la kurudi, au Jumapili, au Jumatatu. Kila saa iliyopita ilifanya kusema kuwe kugumu zaidi, kwa sababu sasa ingebidi nieleze pia kwa nini nilinyamaza. Nikanyamaza. Wiki iliyofuata nahodha alikuwa amewaeleza wenzake, na timu nzima ilikuwa inajua kwamba kocha alimtukana mama ambaye mtoto wake yuko kwenye mashine ya oksijeni. Walimsalimia kwa heshima, walifanya alichosema, na uwanjani hawakumkimbilia mpira hata mmoja wa ziada. Yeye aliona, ila hakujua sababu. Aliniuliza, na kwa mara ya pili nikamwambia sijui.

Baada ya mechi tatu nyingine tulizopoteza, mkurugenzi wa michezo aliniomba tunywe kahawa mjini. Ilikuwa asubuhi, mkahawa mdogo karibu na kituo cha metro, ile treni ya chini ya ardhi. Aliagiza mikate ya mdalasini miwili, akauliza habari za mama yangu, akauliza goti. Kisha akafunga simu yake, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya.

"Wachezaji bado wako naye?" aliuliza.

Nilikuwa na majibu mengi. Ningesema kwamba hawako naye kwa sababu ya kosa langu. Ningesema ampe muda. Ningeweza hata kusema kwamba hilo si swali la kuniuliza mimi. Nilitazama nje, watu wakitoka kituoni wameinamisha vichwa kwa upepo. Nilinyamaza mpaka yeye akatikisa kichwa taratibu, akasema ameelewa. Kisha akauliza kama, ikitokea, ningekuwa tayari kuichukua timu hadi mwisho wa msimu. Nikasema ndiyo kabla hajamaliza swali. Niliisikia ile haraka katika sauti yangu mwenyewe.

Jumatatu alasiri waliniita wakaniambia kwamba imeshafanyika, na wakanipa karatasi. Nilisaini. Nilipanda treni kurudi Tumba na nikaenda moja kwa moja kwa mama, maana nilitaka mtu wa kufurahi nami. Mama alikuwa amestaafu miezi michache tu kabla, nikamkuta anakunja nguo. Nilimwambia kwamba sasa mimi ndiye kocha mkuu.

"Na ule mama?" akauliza.

Nilimjibu kwa Kiswidi. Nilisema klabu iliamua, ndivyo mpira ulivyo, hakuna ubaya wowote.

"Unijibu kwa Kiswahili," mama akasema.

Nikajaribu. Kwa Kiswahili maneno yalitoka mafupi na mabaya: wamemfukuza, wamenipa nafasi yake. Mama akauliza kama nimempigia simu. Nikasema bado. Akauliza kama nimesaini kabla au baada ya kuzungumza naye, nikasema sijazungumza naye kabisa. Mama aliendelea kukunja shuka alilokuwa ameshika, akalikunja vibaya, akalikunjua, akaanza upya. Alisema tu kwamba mama yule alifika hospitali kabla yake yeye aliyenizaa. Hakusema kingine, na hakupika.

Kocha mwenyewe ndiye aliyenipigia. Nilikuwa bado kwa mama, nikatoka nje kwenye ngazi.

"Walikuuliza?" alisema.

"Ndiyo."

"Ukasema nini?"

"Sikusema kitu."

Kisha, kwa sauti ileile ya siku zote, akaanza kunieleza kuhusu Jumamosi. Alisema wapinzani wetu hawalindi nguzo ya mbali kwenye kona, kwamba nimtoe mshambuliaji wetu mrefu nguzo ya karibu kwa sababu anamwogopa kipa, nimweke nyuma, aingie amechelewa. Alisema nihakikishe mlinda mlango anakula vizuri kabla ya mechi, kwani akiwa na hofu huwa hali chakula. Akasema ni hayo tu. Akakata.

Jumamosi tulishinda bao moja kwa sifuri. Lilikuwa bao la kona. Mshambuliaji mrefu alitokea nguzo ya mbali, amechelewa, peke yake. Wachezaji wote walikimbia kuja kwenye benchi wakanikumbatia, na mwandishi aliponiuliza baadaye nilisema kwamba tuliifanyia kazi kona ile wiki nzima. Nilisema "tuli". Nilimaanisha aelewe ni mimi.

Tulishinda na iliyofuata. Baada ya hapo mambo yalikwenda kama yalivyopaswa kwenda. Niligundua kwamba wakati wa mapumziko, saa ile niliyoitamani, nina mambo mengi ya kusema na sina sauti ya kuyasema. Nilieleza kila kitu, nikaeleza mpaka sababu za sababu, nao walinisikiliza kwa upendo, na upendo huo haukuwasogeza hatua moja. Na sasa mimi ndiye niliyekuwa nawaambia kwamba hawachezi. Walibaki wamesimama, wakatazama upande wa chumba cha vifaa, na chumbani hapakuwa na mtu. Hatukushuka daraja, lakini tulinusurika kwa tundu la sindano. Nahodha alicheza kila mechi. Mtoto wake alikuwa amerudi nyumbani. Alinishukuru siku moja kwa kuwa binadamu, alisema hivyo, na nikapokea shukrani ile pia.

Msimu ulipoisha nilipewa maua. Mkurugenzi wa michezo akaniambia kwamba wamemwajiri kocha kutoka nje, mwenye uzoefu, na kwamba anakuja na msaidizi wake. Alisema ni kawaida, na ni kweli ni kawaida. Hata mimi niliingia klabuni kwa njia hiyohiyo. Nilirudisha funguo; koti nikaachiwa.

Tangu hapo nimefanya kazi shuleni, na jioni ni kocha msaidizi wa timu ya daraja la chini upande wa magharibi. Ni kazi nzuri, na kocha mkuu wa sasa ananiachia kusema ninapotaka.

Nilimwandikia yule wa zamani mara tatu katika miaka minne. Barua ya kwanza ilikuwa ndefu na imejaa sababu, sikuituma. Ya pili niliituma ikiwa na mistari miwili ya kumtakia heri ya siku ya kuzaliwa, na akajibu asante. Ya tatu sikuimaliza. Nilisikia kwamba ameacha mpira kabisa, amerudi kufundisha hisabati. Mama alimpigia mara moja moja bila kuniambia. Nilijua kwa sababu Kiswidi chake kilikuwa kinaboreka kwenye maneno ya ajabu, ya mambo ya bustani.

Msimu wa vuli uliopita, Jumamosi mchana, nilimkuta Vällingby, kitongoji cha huko huko magharibi. Nilikuwa nimetoka mazoezini na mfuko wa mipira begani, naye alikuwa anatoka duka la dawa. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe. Alinisalimia kwa adabu. Aliuliza habari za mama, kazi, goti, na akasubiri kila jibu, akitabasamu. Miaka yote ile hakuwahi kuwa na adabu nami. Alinikatiza, alinikaripia, alinipokonya kalamu. Adabu ile ilinivunja. Nilimwomba tukae kidogo kwenye benchi, pale kwenye uwanja wa mbele ya maduka, karibu na chemchemi iliyokuwa imeshafungwa maji kwa ajili ya baridi.

Nikamwambia. Nilianza na mkahawa, akanizuia kwa kiganja, akasema hayo anayajua na alishayaweka mahali pake. Nikasema kuna mengine. Nikamweleza habari za nahodha, Jumatano ile, na basi, na swali lake aliloniuliza tukiwa kwenye kiti kimoja na jibu langu. Nikamwambia kwamba wachezaji hawakumwacha kwa sababu ya ukali wake. Walimwacha kwa sababu waliamini alijua.

Alinisikiliza hadi mwisho akitazama mawe ya uwanja. Nilitegemea hasira, nilikuwa nimejiandaa kwa hasira.

"Mtoto alipona?" aliuliza.

Nilisema alipona, yuko shule sasa.

Akatikisa kichwa. Kisha akasema kwamba kwa miaka minne amekuwa akizirudia mechi zile kichwani, moja moja, akitafuta ni wapi alipokosea hesabu. Alikuwa amefikia uamuzi kwamba alizeeka, kwamba aliacha kuwaona watu, na kwamba mtu asiyeona watu hafai kufundisha mpira. Ndiyo maana aliacha. Alisema haya bila kupandisha sauti, kama anayenieleza njia ya kufika mahali.

"Nilikuomba nini tu?" alisema. "Uniambie."

Nikamwambia samahani. Nilisema kwa Kiswidi, na neno lenyewe lilikuwa dogo mno kwa jambo lenyewe. Alisema anajua kwamba najuta, ameliona usoni mwangu tangu nilipomwona akitoka duka la dawa. Alisema hana hamu ya kuniadhibu. Lakini hawezi tena kuwa mtu wangu, alisema, na nisimngojee. Akanishika bega mara moja, kwa nguvu, kisha akachukua mfuko wake akaenda kwenye metro.

Jioni ile nilitafuta namba ya nahodha na nikampigia. Ameshaacha kucheza, anafanya kazi Kista katika kampuni ya kompyuta. Nilimweleza yote kama nilivyoyaeleza hapa. Mwanzoni hakuelewa, kisha akaelewa, na akakasirika kwa namna ambayo nilikuwa nimeingoja kwa yule mwingine. Aliniambia kwamba kwa miaka minne amemsema vibaya mtu ambaye hakufanya kosa, amemsema kwa wachezaji, kwa waandishi, kwa mume wake, na kwamba nilikaa naye meza moja nikimsikia akisema. Ni kweli, nilikaa. Akaniomba namba ya kocha, nikampa.

Najua kwamba walionana. Mama ndiye aliyeniambia, aliambiwa kwenye simu, kwamba mchezaji mmoja wa zamani alikuja na mtoto wake wakanywa chai bustanini hadi giza likaingia. Sijui walizungumza nini. Hakuna aliyeniambia, na mimi sina haki ya kuuliza.